Kompyuta chakavu za halmashauri si viti na meza

Nimefanya kazi ya TEHAMA halmashauri kwa miaka mingi. Kama kuna ushauri mmoja ninaotamani kila mkurugenzi, afisa ugavi na diwani ausikie, ni huu: vifaa vya kielektroniki vilivyokufa visiondoshwe pamoja na samani. Kuvichanganya na viti vilivyovunjika na pikipiki mbovu, kuita mnada na kumpa mwenye bei ya juu ni njia ya haraka ya kupata nafasi stoo. Lakini kinachotoka getini siku hiyo ni taarifa za watu, madini ya risasi, zebaki na tindikali, na vinaishia kwenye mitaa ileile ambayo halmashauri ina wajibu wa kuitunza.

Tuanzie stoo, maana huko ndiko mambo yanakoharibikia, kabla ya dampo. Stoo nyingi nilizoingia zinafanana. Kuna monita za kichogo zimepangwa kuelekea dari, CPU zenye namba ya mali iliyoandikwa kwa rangi nyeupe, UPS (vifaa vya betri vinavyoishikilia kompyuta umeme ukikatika), printa, na mashine za POS za kukusanyia mapato zimerundikwa kwenye maboksi ya karatasi za A4. Vimekaa kwa sababu kila mtu anaogopa kuvigusa. Leja inasema vipo, mkaguzi akija atataka kuviona, basi viendelee kuwepo. Kufuta mali kuna ngazi zake: tathmini, dokezo kwa Afisa Masuuli, Kamati ya Fedha, Baraza la Madiwani, vibali. Woga huo naulewa na una sababu za kweli. Ila ucheleweshaji nao una gharama ambayo haionekani kwenye leja yoyote. Kompyuta iliyotolewa ofisini ikiwa nzima ingeweza kufanya kazi miaka mingine. Ikishakaa stoo yenye unyevu na panya, inabaki kuwa chuma tu. Betri nazo hazisubiri kikao; zinavimba na kuvuja hapohapo zilipo.

Kwa hiyo msisubiri stoo ijae. Kila mwisho wa mwaka wa fedha tunahesabu mali. Katika zoezi hilohilo, ongezeni safu moja kwenye karatasi ya kuhesabia: kifaa kinafanya kazi, kinatengenezeka, au kimekufa. Afisa TEHAMA awepo na awashe kila kifaa kwa mkono wake, si kuandika kwa kukisia.

Zoezi hilo ni la lazima zaidi sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti ya Windows 11. Ofisini zitaonekana zimepitwa na wakati, na zitaanza kumiminika stoo zikiwa nzima kabisa. Hizo si taka. Iongezee RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), itolee diski ya zamani uweke SSD (diski ya kisasa isiyo na sahani), sakinisha Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na mashine hiyo itafungua intaneti, itaandika barua na kufundishia darasani bila shida. Na shule za msingi na sekondari za serikali ziko chini ya halmashauri yenyewe. Kuhamishia kompyuta shuleni ni kuhamisha mali ndani ya rejesta, jambo jepesi kuliko kuifuta. Naomba jambo moja tu: shule ipelekewe kilicho kizima, pamoja na kibodi, kipanya na waya wake wa umeme. Mwalimu mkuu akipokea CPU zilizokufa kwa picha na makofi, mmemhamishia mzigo wa stoo yenu, na yeye hana hata ngazi za kuuondosha.

Sasa diski, ambazo zinaninyima usingizi kuliko kitu kingine chochote. Kompyuta ya utumishi ina mishahara na mafaili ya watumishi. Ya ustawi wa jamii ina habari za watoto na migogoro ya ndoa. Ya kituo cha afya ina majina ya wagonjwa na vipimo vyao. Watu wengi wanaamini kwamba kufomati kunatosha. Hakutoshi. Kufomati kwa haraka kunafuta orodha inayoonyesha faili zilipo, lakini faili zenyewe zinabaki, na kijana yeyote wa mtaani mwenye programu ya bure anazirudisha. Diski inayokwenda kutumika tena ifutwe kwa programu inayoandika juu ya diski nzima tangu mwanzo hadi mwisho. SSD inahitaji amri yake yenyewe ya kufuta, kwa sababu namna inavyotunza data ni tofauti. Diski iliyokufa isiyosoma itobolewe kwa drili.

Hapo kwenye kutoboa kuna jambo la kuangalia. Nimeona watu wakigonga kwa nyundo ile bodi ya kijani iliyo chini ya diski wakidhani wamemaliza. Data haiko huko. Iko kwenye sahani zinazong'aa ndani ya kasha, na drili lazima ipite kwenye sahani zenyewe, sehemu zaidi ya moja. Diski nyingi za laptop zina sahani za kioo, zinapasuka vipande vidogo, kwa hiyo vaa miwani ya kazi na glavu. Andika namba ya kila diski kwenye fomu, mkaguzi wa ndani awepo, wote msaini. Tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na fomu hiyo ndiyo ushahidi wenu siku mtu akilalamika kwamba taarifa zake zimeonekana Kariakoo.

Msisahau mashine kubwa za fotokopi. Nyingi zina diski ndani inayotunza picha za nyaraka zilizopita kwenye kioo chake, na karibu hakuna anayekumbuka kuitoa. POS nazo zitolewe laini na zirudishwe kwenye hali ya kiwandani.

Baada ya diski, toeni betri. UPS ndogo ya mezani ina betri ya volti 12 yenye uzito wa kama kilo mbili, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Mnunuzi wa skrepa asiye na kibali anachotaka ni hiyo risasi. Anaipasua betri, tindikali anaimwaga mtaroni, risasi anaiyeyusha kwenye sufuria nyuma ya nyumba. Mtoto anayevuta vumbi lake anadumaa akili, na hakuna dawa ya kumrudishia alichopoteza. Wanaodhani natia chumvi waulizie Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa kando ya makazi ya watu. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na Desemba 2024 wakazi walishinda tena. Walioamriwa kulipa mwaka 2020 hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Mamlaka za serikali zilizopaswa kusimamia zilikuwemo.

Betri za POS, simu na laptop ni za lithiamu, na hatari yake ni moto. Iliyovimba isibonyezwe wala kutobolewa. Bandika utepe wa gundi, wa karatasi au wa plastiki, kwenye ncha zake za chuma, iweke kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, mbali na jua na mbali kabisa na mafaili. Hili ni la leo hii, msisubiri kikao.

Monita za kichogo zibebwe zikiwa nzima. Kioo chake kina risasi pia, na kinachowavutia wanaozivunja ni waya wa shaba uliozungushiwa shingoni mwa kioo. Zile bapa za zamani, kabla hazijaanza kutumia LED, zina mirija myembamba yenye zebaki nyuma ya kioo. Nyaya zinachomwa ili plastiki iishe ibaki shaba, na moshi wake una dioksini, sumu kali inayoganda kwenye mafuta ya mwili. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku waliokuwa wakidonoa eneo la Agbogbloshie, Accra, lililokuwa maarufu kwa uchomaji wa vifaa kama hivi. Walikuta kwamba mtu mzima akila yai moja tu anavuka mara 220 kiwango cha dioksini kinachovumiliwa kwa siku barani Ulaya. Kuku wanadonoa kwenye dampo zetu pia.

Tukija kwa mnunuzi, swali la bei liwe la mwisho. La kwanza ni kibali cha NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Tuna kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na anayekusanya, kusafirisha au kuchakata taka hizi anatakiwa awe na kibali. Msiridhike na nakala. Pigeni simu ofisi ya kanda ya NEMC mthibitishe kwamba kiko hai. Kisha muulizeni kioo cha kichogo anakipeleka wapi. Bodi anampelekea nani? Bodi zenye dhahabu na shaba huchakatwa vizuri kwenye viwanda vichache vikubwa duniani, kama cha Umicore pale Hoboken, Ubelgiji, na tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa usafirishaji wa taka hatari, unataka ridhaa ya nchi inayopokea kabla taka yoyote ya kielektroniki haijavuka mpaka. Mtu anayefanya kazi hii kweli atawaonyesha karatasi zake bila kusitasita. Anayejibu kwamba "kila kitu kinauzika humuhumu" hafai, hata akiwa na fedha taslimu mkononi.

Mkataba useme atachukua vyote. Hapa ndipo halmashauri nyingi zinapoumia bila kujua. Bodi, shaba na alumini vina faida. Kioo cha kichogo, plastiki na betri za lithiamu vina gharama. Faida ya vile vya kwanza ndiyo inayolipia usalama wa hivi vya pili. Mkimwachia mtu wa skrepa achague, ataondoka na nyama yote, nanyi mbaki na mifupa ya kulipia kuizika. Mzigo upimwe kwenye mizani mbele yenu, na mwisho alete hati inayoonyesha kilichochakatwa na kilichoteketezwa, kwa uzito.

Najua hofu inayofuata: hoja ya ukaguzi. Mkaguzi atauliza kwa nini mlikataa bei kubwa. Jibu liwe limeandikwa mapema, ndani ya dokezo na muhtasari wa kikao: kwamba zabuni iliwekewa sharti la kibali cha mazingira, kwamba mwenye bei kubwa hakuwa nacho, na kwamba kanuni za 2021 haziruhusu kumpa. Sharti likiwa ndani ya nyaraka za zabuni tangu siku ya kwanza, mna pa kusimamia. Mkilikumbuka baada ya kufungua bahasha, hamna.

Kwa halmashauri za mbali, tatizo ni kwamba mzigo wa stoo moja haumleti mchakataji kutoka Dar es Salaam. Ungeni nguvu na majirani kupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, mkusanye sehemu moja, lori moja lizunguke wilaya zote. Rwanda wana kituo cha kitaifa cha kuchakata Bugesera, na taasisi za umma zinapeleka vifaa vyao huko. Sisi hatuna sababu ya kushindwa kujaza lori moja kwa mkoa.

Wananchi nao wana simu mbovu na redio majumbani. Msianze na mabango. Anzeni na mafundi simu, kwa sababu wao tayari wana magunia ya bodi na betri chini ya meza zao na hawana pa kuyapeleka. Ofisi ya kata ikiwa na pipa la bati lenye kufuli na siku maalumu ya gari kulipitia, mafundi watakuwa wa kwanza kulijaza. Wasitozwe hata senti. Na muwaheshimu, fundi anayefufua simu iliyokufa anapunguza taka kuliko semina yoyote.

Yote haya yanahitaji fedha kidogo: drili, ndoo, usafiri, posho ya siku ya kuhesabu. Kifungu hicho kiombwe wakati idara zinaandaa bajeti, miezi kadhaa kabla ya Julai, kiwe na jina lake chenyewe badala ya kujificha chini ya "matumizi mengineyo". Na katika nyaraka za zabuni za kompyuta mpya mnazopandisha NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali mtandaoni, mwaka huu, wekeni sharti kwamba muuzaji awe na vipuri vyake kwa miaka inayotajwa, na aeleze kwa maandishi kama atavipokea vifaa hivyo vikifa, na kwa gharama ya nani.