CV Haichezeki: Kazi ya Kwanza ya Gemu Ukiwa Dar

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mwaka wa tatu chuoni aliniandikia: "Kaka, nimetuma CV kwenye studio za gemu mpaka nimechoka, hakuna anayejibu. Kwani wewe ulipitia kwa nani?"

Hilo swali la mwisho lilinikera. Sikupitia kwa mtu. Mzee wangu anauza vipuri Gerezani, hana mjomba kwenye studio yoyote duniani.

Nilipomaliza chuo niliitwa usaili kwenye kampuni moja ya programu hapa mjini. Wakaniuliza nataka kufika wapi, nikasema gemu. Wale mabosi wakatazamana. Mmoja akasema, "Gemu si za watoto, kijana? Hapa tunataka watu wazima." Wakacheka. Sijasahau na sina mpango wa kusahau. Nikaenda kutengenezea watu tovuti za maduka na mifumo ya stoo. Kipindi hicho hakina la kusimulia, ila kililipa kodi ya chumba Sinza na kikaninunulia laptopu.

Usiku ndio ulikuwa wangu. Nilichagua Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni ya bure kabisa na haidai mashine ya kutisha. Unreal, nayo ni ya kazi hiyohiyo, ingemeza diski yangu yote na bando la mwezi juu yake. Watu watakugombanisha kuhusu Unity na lugha yake ya C#, Unreal na C++ yake. Waache wabishane, wewe maliza kitu kimoja.

Mimi nilimaliza bao. Nasema bao lenyewe la Kiswahili, mashimo 32, kete 64, lina namua (pale mnapoingiza kete ubaoni) na lina mtaji (kete zote zikishaingia). Nilikuwa nashinda kijiweni Magomeni na wazee, wakanielekeza mashimo yenye sheria zake, nyumba, kichwa na kimbi, na kila nikiwapelekea simu walikuwa wanatafuta pa kunikamata. (Ukitaka mtu wa kukagua gemu yako, mtafute mzee aliyezoea kushinda. Hana huruma.)

Michoro haikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni kusambaza kete. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mchezaji anaendelea, na kuna hatua zinazoweza kuzunguka bila kulala, yaani bila kuisha kabisa. Sasa ukiiachia programu ihesabu yote kwa mkupuo mmoja, simu inaganda. Gemu inayokwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde inakupa kama milisekunde 16 tu kwa kila fremu: usome kidole, uhesabu, uchore, uondoke. Nikaigawa hatua iende kete moja moja, kisha nikaweka kikomo cha mizunguko.

Nikaipandisha itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, bila kulipa senti, mtu anaicheza ndani ya kivinjari. Google Play ni dola 25, unalipa mara moja, lakini siku hizi akaunti mpya ya mtu binafsi inadaiwa watu 12 waijaribu gemu kwa siku 14 mfululizo kabla haijatoka. Ndiyo kazi ya binamu hiyo.

Barua zangu za maombi zikabadilika. Mstari wa kwanza kiungo cha bao, CV huko chini. Studio ndogo ya Ulaya ikajibu. Usaili ulikuwa usiku, umeme ukakatika, nikahamia kwenye simu. GPA hawakuigusa. Dada aliyekuwa ananihoji alikuwa amelicheza bao langu na amefungwa vibaya, akauliza: "Hii hatua isiyoisha uliizuiaje?" Mimi huyo, nikatiririka mpaka muda ukaisha. Wale waliocheka, kama mnasoma, salamu zenu.

Sasa vijana, tusemezane. Mnajiita watengenezaji wa gemu kwenye status za WhatsApp, ukiomba gemu moja ya kucheza unaonyeshwa picha. Kila mtu anajenga Kariakoo nzima yenye magari na bodaboda, na haina hata menyu ya kuanzia. Punguza! Tengeneza ndogo, uimalize, umpe mtu aishike. Januari 2024 Microsoft peke yake ilitangaza kupunguza watu 1,900 upande wa gemu. Hao wana uzoefu na wanaomba kazi zilezile unazoomba wewe. Cheti hakitakupitisha mbele yao. Gemu iliyokwisha inaweza. Kama huna nidhamu ya kumaliza peke yako, kila mwisho wa Januari kuna Global Game Jam, tukio la dunia nzima la kutengeneza gemu: mnapewa mada, mnatengeneza gemu ndani ya siku chache. Ingia, umalize. Narudia, umalize.

La mwisho, kabla hujasaini. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kila unachotengeneza ni cha studio, na usipoangalia kinaweza kugusa hata vitu vyako vya nyumbani. Kisome kwa utulivu, na uombe gemu zako za zamani zitajwe kwa majina kwamba zinabaki zako. Mimi niliomba, wakaandika bila ubishi, na bao ni langu mpaka leo.