Kabla hujaandika "hafuati dawa"

Wadogo zangu mlioripoti mwaka huu kliniki yetu ya magonjwa ya akili, nawapenda, ndiyo maana nawaandikia badala ya kuwafokea koridoni mbele ya watu. Jumatano ya kliniki nilipita nyuma ya meza nikamsikia mmoja wenu (simtaji, anajijua) akimwambia bibi mmoja: "Sasa bibi, tulikubaliana nini? Mbona dawa humpi?" Kalamu ikatembea: hafuati dawa, ushauri umetolewa, TCA (tarehe ya kurudi) mwezi mmoja. Anayefuata! Bibi akafunga kanga yake vizuri, akamshika mjukuu mkono, wakaondoka. Huo ushauri uliotolewa mimi sikuusikia, na masikio yangu bado mazima.

Kila kundi linaloingia linafanya yale yale, utadhani mnaachiana maagizo. Haya, toeni madaftari.

1. Msalimie mgonjwa. Mnampa shikamoo mama aliyemleta, halafu mnauliza "na huyu anaitwa nani?", na huyo "huyu" ana mvi kichwa kizima. Mtu akiugua akili umri wake haupungui. Nimewahi kumwona mzee aliyekaa kimya tangu alfajiri, ndugu wameapa kwamba haongei, akaitikia marahaba na kujibu maswali yote yaliyofuata. Alikuwa anangoja mwenye adabu.

2. Uliza wamefikaje na kwa shilingi ngapi. Jibu hilo ndilo linalopanga TCA, siyo mazoea yako. Mgonjwa haji peke yake: ni bodaboda ya watu wawili mpaka barabara kubwa, kisha gari, kisha kulala kwa ndugu mjini ili wawahi namba. Unampa wiki mbili kama vile anakaa nyuma ya mochwari? Aliyetulia mpe dawa za miezi miwili zikiwepo. Ukitaka achukulie kituo cha afya cha kwao, piga simu kwanza uhakikishe wanazo. Wenzetu wa methadoni, dawa ya waraibu wa heroini, wanalijua hili kuliko sisi. Muhimbili walianza mwaka 2011, dawa ni bure, lakini kwa kawaida inanywewa mbele ya muuguzi kila siku, na ya bure hiyo ina nauli ya kwenda na kurudi.

3. Uliza wanakula nini. Hapa mniruhusu nikae kidogo.

Zamani nikiwa na cheo kama chenu, tulimruhusu kijana mmoja akiwa mzuri kabisa. Anacheka, anasaidia kubeba maji wodini, anatuita wote kwa majina. Alienda na dawa mbili za akili, Largactil ya usiku na haloperidoli, pamoja na Artane ya kuzuia mwili usikakamae kwa dawa hizo. Kliniki za mwanzo alihudhuria vizuri. Februari mama yake akamleta amechafuka: halali, anajibizana na dari, nguo hazijabadilishwa. Kwenye mfuko wa rambo kulikuwa na vidonge vingi vilivyobaki. Nikavimwaga mezani nikavihesabu kimoja kimoja mbele ya foleni, kama karani wa benki anayetafuta upotevu.

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Zinamtia njaa, sista."

Nikamjibu: "Hiyo ni dalili nzuri mama, akila ndiyo anapona." Benchi zima likacheka. Na yeye akacheka, maana angefanyaje.

Nikaandika hafuati dawa kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini. Nikamwambia daktari wa zamu, aliyekuwa mgeni kama nyie, kwamba mama huyu haaminiki na vidonge, tumpe depo, sindano inayokaa mwilini wiki kadhaa, tumalize ubishi. Sindano yenyewe, Modecate, ikachomwa. Artane siku hiyo ilikuwa imekwisha dirishani, nikamwandikia akanunue duka la nje. Akanunue kwa hela gani, sikuuliza. Tarehe yake ilipofika hawakuja. Nikaandika hajahudhuria, nikaendelea na maisha.

Habari yenyewe niliipata baada ya mavuno, kwenye semina, nilipokaa meza moja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji chao. Huku kanda ya kati mwezi wa pili mnaujua: uwele wa mwaka jana umekwisha, wa mwaka huu uko magotini. Nyumba ile ilikuwa inapika mara moja, jioni. Largactil mmesoma inavyoamsha hamu ya kula. Kijana akinywa usiku, saa nane anaamka kutafuta sufuria, na kilichokuwamo ni kiporo cha wadogo zake cha kwenda nacho shule. Baba akampiga. Jirani akaibiwa mahindi mabichi, vidole vyote vikamwelekea yeye. Mama akapiga hesabu aliyoiweza: siku yenye unga anampa dawa, siku isiyo na unga hampi. Basi ndiyo hiyo "hafuati dawa" yangu ya kalamu nyekundu. Yule mwanamke alikuwa anapanga dozi kwa kuangalia debe la unga, na aliniambia kwa maneno matatu, nami nikayafanya kichekesho.

Depo nayo ikamkaza. Bila Artane shingo haigeuki, mate yanamtoka, jembe halishiki, na ilikuwa palizi. Kijijini wakasema hospitali imemmaliza. Mama hakuthubutu kurudi kwangu kuchekwa tena. Baba akampeleka kwa mganga, huko akafungwa mnyororo kwenye nguzo kwa sababu alikuwa anatoroka. Alipotufikia tena alilazwa wodi ya upasuaji kwanza, siyo yetu: mnyororo ulikuwa umekula nyama juu ya kifundo cha mguu, na nzi walishafika kabla yetu. Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua. Mama alikuwa kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Akanisalimia vizuri tu, akauliza habari za watoto. Ningefurahi kama angenitukana.

Tulichofanya safari hiyo hakikuwa kikubwa. Daktari aliondoa Largactil, akamwacha na haloperidoli ya dozi ndogo pamoja na Artane, na hatukumruhusu mpaka Artane ya kutosha ilipopatikana. Afisa ustawi akaandika kwa mtendaji wa kijiji kuiombea kaya ile ruzuku ya TASAF ya kaya maskini, ikapita awamu iliyofuata. Mama tukampa namba ya simu ya wodi. Haya yote yangewezekana ile Jumatano ya kwanza, kwa swali moja tu: mama, jana mlikula nini? Siku hizi nauliza hilo kabla ya kuuliza kama anasikia sauti. Ndugu wengine wananishangaa. Na washangae.

4. Bandikeni kalenda ya kilimo ukutani, karibu na ratiba ya zamu. Kliniki ikipooza wakati wa palizi msijisifu kwamba wamepona. Na dawa inayomlaza mtu mpaka saa nne asubuhi inamkosesha kibarua kinachoanza alfajiri. Mwambie anywe mapema jioni, mwambie daktari apunguze, fanya kitu.

5. Msicheke habari za mganga wala za maombezi. Wote wamepita huko kabla yenu, na wengine wataondoka hapa na dawa zenu waende huko jioni. Ukicheka hawaachi kwenda, wanaacha kukwambia. Halafu jiulizeni kwa nini wanaenda. Mganga yuko kijijini, anakopesha, anapokea kuku, anaita ukoo mzima na kuuliza nani kagombana na nani. Sisi tunaongea dakika tano na mtu mmoja, tumesimama. Uliza tu kama kuna kufungwa, kufunga kula au dawa za kunywa, mpatane hapo.

Na rufaa ielezeni kabla hamjaiandika. Hospitali ya akili ya Mirembe ipo Dodoma tangu 1927, na mpaka leo watu wanataniana kwa jina lake: "huyu wa kupelekwa Mirembe." Familia yenye binti wa kuozesha ikiiona barua ile inaweza kuichana kabla ya kufika stendi, kisha mnaandika nini? Ndiyo. Hafuati ushauri.

6. Aliyekunywa sumu. Ndugu watasema alidhani ni dawa ya kikohozi. Wataapa. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na raia wa kawaida hajui namba ya kifungu, ila polisi wenyewe anawajua. (Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu chao kuwa kinyume cha katiba Januari 2025.) Tibu kwanza, mambo ya PF3, ile fomu ya polisi, baadaye. Kisha watoe ndugu nje, vuta kiti, uliza peke yako taratibu, na funga huo mdomo ukitoka, maana koridoni kwetu siri haimalizi zamu. Deni la vikoba, mimba, kupigwa, kufukuzwa shule: sijaona wengi waliokuwa na "mawazo tu."

7. Mume akiugua, mke anabaki kumuuguza. Mke akiugua, anarudishwa kwao na kanga zake. Kwa hiyo ukimwona mwanamke ameletwa na kaka au baba, uliza watoto wako wapi. Aliyejifungua juzi, akarudishwa kwao, kichanga kikabaki kwa mama mkwe, haumwi hicho tu ulichoandika.

Na vijana, tafadhali, siyo kila mmoja ni bangi. Wengine wanavuta kwa sababu walishaanza kusikia sauti.

8. Kwa sera, magonjwa ya akili yamo kwenye msamaha wa matibabu. Mgonjwa hajui, na dirisha la malipo halitamwambia. Usimwelekeze kwa kidole "ustawi kule". Mpeleke mwenyewe, kabla ya saa sita, maana baada ya chakula ofisi ile ina tabia ya kufungwa. Ipo pia bima ya afya ya kulipia kwa kaya. Waelezeni baada ya kuuza mazao, siyo Februari.

9. Hili si ushauri, ni kazi. Jumatano ijayo atakayefika wa kwanza aende RCH, kliniki ya mama na mtoto, akadai mabenchi yetu mawili. Walisema wanaazima tu, na mpaka leo wagonjwa wa akili ndio pekee hospitali nzima wanaosubiri wakiwa wamekaa sakafuni. Wakikataa kuyatoa, niiteni.