Maswali ya Wasomaji: Slasha Inapolisukuma Trekta

SWALI: Nina trekta la zamani aina ya Ford 8N ambalo nimelifungia slasha ya kukatia nyasi. Kila ninapofika mwisho wa shamba na kukanyaga klachi ili nisimame, trekta haliachi kwenda. Huendelea mbele hatua kadhaa kana kwamba lipo mtelemkoni, na safari moja nusura niuvunje uzio. Breki zimekaguliwa na ni nzima. Nimeshauriwa nifunge klachi ya friwili kwenye shafti ya PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha zana. Kifaa hicho ni nini, na hufungwaje?

JIBU: Aliyekushauri amekushauri vyema, na hadi utakapokifunga kifaa hicho ni bora slasha ipumzike.

Katika matrekta ya umri huo (la kwako lilitengenezwa kati ya mwaka 1947 na 1952), shafti ya PTO huzungushwa na gia zilizo nyuma ya klachi, yaani baada ya nguvu ya injini kupita klachi na kuingia kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedali, unaitenga injini peke yake. Magurudumu ya nyuma na slasha hubaki vimeunganishwa kupitia gia zilezile. Mapanga ya slasha ni mazito na huzunguka kwa kasi kubwa, na nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachozunguka huongezeka kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo injini inapotengwa mapanga hayo huirudisha nguvu kupitia shafti hadi kwenye giaboksi na kutoka hapo hadi kwenye magurudumu. Kwa kitambo hicho kifupi, slasha ndiyo inayoliendesha trekta. Ndiyo maana pia gia hukataa kutoka au hulia unapojaribu kuihamisha.

Klachi ya friwili ni kola fupi ya chuma inayovalishwa kwenye mwisho wa shafti ya PTO, kati ya trekta na propela shafti ya slasha, ile yenye mabomba mawili yanayoingiana inayopeleka nguvu kwenye slasha. Kazi yake ni ileile ya friwili ya baiskeli: ukipiga pedali gurudumu huzunguka, ukiacha gurudumu huendelea lenyewe bila kuizungusha miguu yako. Trekta linaweza kuizungusha slasha, lakini slasha haiwezi kulizungusha trekta.

Anza na vipimo. Shafti ya PTO ya Ford 8N ilitoka kiwandani ikiwa na kipenyo cha inchi 1 na 1/8, takriban milimita 29, ilhali slasha nyingi za sasa huhitaji inchi 1 na 3/8, yaani milimita 35. Zote mbili zina meno sita. Zipo klachi za friwili zenye tundu la kipimo kidogo upande wa trekta na meno ya kipimo kikubwa upande wa slasha, nazo humaliza mambo mawili kwa mpigo. Angalia usiuziwe kola ya kubadilishia kipimo tu, maana kwa nje hufanana sana na hiyo unayoitafuta. Ishike mikononi palepale dukani uzungushe pande zake mbili: klachi ya kweli huteleza kuelekea upande mmoja na hukamata kuelekea upande wa pili.

Kuivalisha hakuhitaji ufundi mkubwa. Zima injini, ondoa ufunguo, shusha slasha hadi ikae chini, kisha safisha meno ya shafti kwa brashi ya waya na uondoe kwa tupa laini kingo zilizochongoka kwa uchakavu. Paka grisi kidogo na uisukume kola kwa mkono. Ikikataa, rudia kusafisha. Usiipige nyundo, kwa sababu kila pigo huenda moja kwa moja kwenye beringi na sili ya shafti, na sili ya trekta la miaka sabini haingoji kushawishiwa mara mbili ili ianze kuvuja. Kola ikishakaa mahali pake, ifunge kwa pini inayopita kwenye tundu la shafti. Baadhi ya watu hutumia bolti ndefu yenye nati. Hushika vizuri, lakini kichwa chake kinachochomoza hunasa nguo, kwa hiyo pini isiyochomoza ni bora zaidi. Kisha ijaribu: weka PTO na gia ya trekta kazini huku injini ikiwa imezimwa, simama nyuma ukilitazama trekta, uzungushe kola kwa mkono. Kuelekea mwendo wa mishale ya saa inapaswa kuteleza. Kinyume chake inapaswa kukamata.

Wengi hudhani kazi imekwisha hapo, kumbe sehemu inayotaka uangalifu ndiyo inaanza. Kola inaongeza urefu, mara nyingi milimita 100 hivi, na propela shafti iliyotosha jana leo huenda ni ndefu mno. Mabomba yake mawili yakigonga mwisho wakati slasha inanyanyuliwa, hayana pa kwenda. Huisukuma shafti ya PTO ndani ya trekta au huvunja giaboksi ya slasha. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha, nyanyua na kushusha slasha polepole ukitafuta mahali ambapo umbali kati ya trekta na slasha ni mfupi kuliko pote. Mara nyingi ni pale propela inapolala karibu sawa na ardhi, si juu kabisa wala chini kabisa. Hapo mabomba yabakiwe na nafasi ya milimita 25 hivi kabla ya kugonga.

Chukua mfano. Ikiwa hapo awali ilibaki nafasi ya milimita 40 na kola imeongeza 100, umepungukiwa na 60. Ongeza 25 za usalama, na utalazimika kukata milimita 85. Kata kipimo hicho kwenye bomba la ndani na la nje pia, pamoja na vifuniko vyake vya plastiki, kisha piga tupa kingo na upake grisi. Hata hivyo, kwa kukata mabomba yote mawili umepunguza mpishano wake (urefu ambao bomba moja limo ndani ya jingine) kwa 170, na kola imerudisha 100 tu, hivyo mpishano umepungua kwa milimita 70. Upime tena pale umbali unapokuwa mrefu kuliko wote: usipungue milimita 150. Ukipungua, hiyo propela haikufai tena na itabidi utafute nyingine.

Jambo la mwisho ni la uhai. Awali, trekta liliposimama kwa breki, slasha nayo ililazimika kusimama. Sasa hakuna kinachoizuia, na mapanga yataendelea kuzunguka kwa muda baada ya wewe kusimama na hata baada ya kuzima injini. Usishuke kwenda nyuma hadi uione propela imetulia kwa macho yako. Na kwa kuwa kola iliyoshikwa na kutu hulirudisha tatizo la zamani bila taarifa, irudie ile zamu ya kuizungusha kwa mkono kila msimu unapoanza.

SWALI: Slasha yangu tayari ina klachi ya kuteleza kwenye giaboksi yake. Je, hiyo haitoshi?

JIBU: Haitoshi, kwani kazi zake ni nyingine. Klachi ya kuteleza, sawa na bolti ya kukatika, huachia pale mapanga yanapogonga kisiki au jiwe na mzigo kuzidi kiwango. Nguvu inayolisukuma trekta ni ndogo kuliko kiwango hicho, kwa hiyo hupita bila kuiamsha. Fungeni zote mbili.

SWALI: Nina Massey Ferguson 135. Je, nami naihitaji klachi ya friwili?

JIBU: Inategemea, kwa sababu matrekta ya aina hiyo yalitengenezwa mengine yakiwa na klachi ya hatua moja na mengine ya hatua mbili. Katika hatua mbili, njia ya nguvu ya PTO imetengana na ile ya magurudumu, na slasha haina njia ya kulisukuma trekta. Uchunguzi wake ni rahisi: tenganisha slasha, weka PTO kazini, endesha trekta polepole mahali peupe na tambarare, kisha kanyaga pedali hadi nusu, huku mwenzako akiitazama shafti kutoka pembeni kwa mbali. Trekta likisimama na shafti ikaendelea kuzunguka, huhitaji kola. Vikisimama pamoja, basi klachi ni ya hatua moja, au ni ya mbili iliyopoteza marekebisho yake. Mwite fundi aipime kabla ya kununua chochote.