Mpe mhusika wako eda: kwa wanaoanza kuandika riwaya za mwanamke aliye njia panda

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma miswada ya riwaya na kuirudisha kwa wenyewe ikiwa na alama za penseli pembeni. Miswada inayonijia kwa wingi ni ya aina moja: mwanamke ameachwa, au amefiwa, au daktari amempa habari nzito, au watoto wameondoka na nyumba imebaki kimya. Anakaa chini kujiuliza ni maisha gani haya aliyoyaishi. Ninaipenda aina hii ya riwaya kuliko zote. Ndiyo maana huniuma nikiona mwandishi mpya mwenye kipaji akipoteza kurasa 200 kwa kosa ambalo, angeambiwa mapema, asingelifanya.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba pigo ndilo hadithi. Mwandishi anaandika sura ya talaka kwa nguvu zake zote, matusi yamo, machozi yamo, sanduku liko mlangoni, kisha anaishiwa. Sura ya pili mhusika analia. Ya tatu analia mbele ya shoga yake. Ya nne anasafiri kubadili hewa. Ya tano anakutana na mwanamume mpole. Msomaji anafika mwisho akimjua mume aliyeondoka vizuri kuliko anavyomjua mwanamke aliyebaki.

Pigo hufungua daftari tu. Riwaya ni kule kulisoma daftari hilo upya, mstari kwa mstari, na kukuta hesabu alizodhani amezifunga zamani bado ziko wazi. Na ili mtu alisome daftari lake lazima awe na muda wenye mpaka, tena awe mahali ambapo hawezi kutoka atakavyo. Kiswahili kina neno la hali hiyo, nami nimelifanya neno langu la kazi: eda, kile kipindi ambacho mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume au aliyeachwa hukaa akihesabu siku kabla ya kuweza kuolewa tena. Nikipokea mswada wa aina hii, swali langu la kwanza huwa, eda ya huyu mwanamke iko wapi?

Wazo hilo nimelipata kwa Mariama Bâ. Riwaya yake ya mwaka 1979, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Barua Ndefu Kama Hii, imeandikwa ndani ya eda halisi. Ramatoulaye, mwalimu nchini Senegal na mama wa watoto 12, amefiwa na mumewe. Anakaa ndani miezi 4 na siku 10 akimwandikia rafiki yake wa tangu utotoni, Aissatou. Yeye hatoki, watu ndio wanaomjia, na kila anayeingia anamletea kipande cha maisha yake. Sasa angalia alichokifanya mwandishi. Pigo lililomvunja Ramatoulaye lilikuwa limempata miaka mitano nyuma, mume alipomwoa Binetou, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao. Mwandishi mchanga angeanzia hapo, kwenye kishindo. Bâ alisubiri mpaka kifo, kwa sababu kifo kinafungua masanduku ya marehemu. Madeni yanajitokeza. Inajulikana kwamba nyumba ya mke mdogo ilipatikana kwa mkopo wa benki, na rehani iliyowekwa ni nyumba ileile anayokaa Ramatoulaye. Waliinunua kwa akiba yao wote wawili, lakini hati ina jina la mume peke yake. Hati hiyo moja inaisoma upya ndoa nzima. Kurasa kumi za majonzi zisingeweza.

Eda ya riwaya si lazima iwe ya mjane, wala haihitaji miezi. Katika Mrs Dalloway ya Virginia Woolf, iliyotoka mwaka 1925, ni siku moja ya Juni mjini London. Clarissa amepita miaka 50, ana karamu jioni, na mpaka wake ni saa inayogonga. Hakuna talaka humo. Ila Peter Walsh, mwanamume aliyemkataa ujanani, amerudi kutoka India na anaingia nyumbani asubuhi bila taarifa, na tangu hapo Clarissa anaishi siku hiyo na ujana wake kwa wakati mmoja. Katika riwaya ya Elena Ferrante ya mwaka 2002 kuhusu Olga, mwanamke wa miaka 38 aliyeachwa Turin na watoto wawili, eda ni ya siku moja ya joto la Agosti. Mtoto ana homa, mbwa anakufa, simu haishiki, na kitasa cha mlango wa mbele kinakataa kufunguka.  Nimewashauri waandishi wengi wazisome sura hizo wakiwa na penseli, wapige mstari kila mahali mume anapotajwa. Watashangaa. Mume ameshatoka katika kitabu. Aliyebaki ndani ni Olga, ufunguo na watoto wawili.

Basi kabla hujaandika sura ya kwanza, amua eda. Siku tatu za kusubiri majibu ya kipimo. Wiki ya kufungasha vitu vya mzazi aliyefariki. Mwezi wa mwisho kazini kabla ya kustaafu. Mwandikie mhusika mpaka wake, na umwondolee njia rahisi ya kutokea. Nikiona katika sura ya nne amepanda ndege, huwa najua mwandishi ndiye aliyechoka kukaa naye chumbani.

Nina kosa langu mwenyewe la kueleza hapa, maana limenifundisha kuliko vitabu. Mwandishi mmoja aliniletea mswada wa mama aliyefiwa na mwanawe. Kulikuwa na kurasa tatu za huyo mama akikunja mashuka. Anakunja, anakosea, anakunjua, anaanza tena, na katikati anakumbuka kwamba shuka la kitanda cha mtoto lilikuwa dogo na lilikuwa likikunjwa mara mbili tu. Nikaandika pembeni: polepole mno, ondoa. Akaondoa. Nikamshauri aweke mazungumzo ya mama huyo na dada yake badala yake, nayo yakawa mazungumzo mazuri, yenye maneno mazuri ya kufarijiana. Kitabu kilipotoka nilikisoma tena kwa utulivu, nikafika pale, nikatafuta mashuka. Tangu siku hiyo sijamwambia mwandishi yeyote aondoe kazi ya mikono katika sura ya msiba bila kwanza kuisoma mara tatu. Mtu aliyepigwa na maisha hawezi kusema kilichompata, ila bado lazima aoshe vyombo, alipe ada, atafute soksi ya pili. Huko ndiko msomaji anakomwona. Ukimpa mhusika wako hotuba ya uchungu, nami nikijua kwamba hata risiti za dukani hajaweza kuzitoa mkobani wiki nzima, mimi nitaziamini risiti.

Sasa nije kwenye jambo gumu, ambalo wengi wanaliogopa. Mwanamke anayepitia upya maisha yake lazima, mahali fulani katika daftari, akute sahihi yake mwenyewe. Sisemi alaumiwe. Nimesoma miswada iliyoandikwa kwa ajili ya kumlaumu mwanamke tu, na ni vitabu vibaya. Ninachosema ni kwamba mhusika ambaye mambo yote yalimtokea, hakuchagua lolote, hakunyamazia lolote, hana cha kupitia upya. Ana mashtaka tu, na mashtaka yanatosha ukurasa mmoja.

Ama Ata Aidoo aliliweza jambo hili katika Changes ya mwaka 1991. Esi anamwacha mumewe Oko baada ya kuingiliwa kwa nguvu ndani ya ndoa, na kitabu hakitetereki hata kidogo kuhusu haki yake ya kuondoka. Lakini baadaye, kwa akili zake timamu na kwa kupenda kwake, anakuwa mke wa pili wa Ali, akitumaini mpango huo utamwachia nafasi ya kazi na uhuru. Nafasi anaipata, na ndani ya nafasi hiyo upweke unamkuta. Aidoo hamwadhibu wala hamhurumii kupita kiasi. Anamwacha awe mtu aliyechagua, akakosea kiasi, na bado ana akili za kuona alipokosea.

Kwa hiyo huwa nawapa waandishi swali moja walijibu kwa ukurasa mzima, nje ya mswada: huyu mwanamke alijua nini, na alijua tangu lini? Karibu kila mara jibu huja likiwa na tarehe. Alijua siku ya harusi ya mdogo wake. Alijua alipoona jina lile kwenye simu akairudisha simu mezani. Alijua kwamba kazi ile haikuwa yake tangu wiki ya kwanza. Ukishaipata hiyo siku, umepata uti wa riwaya yako, na mara nyingi utakuta hukuiandika kabisa katika rasimu ya kwanza kwa sababu nawe ulikuwa unaiepuka pamoja naye.

Mbinu rejeshi, yaani kuirudisha hadithi nyuma kwenye yaliyopita, inasimama hapohapo. Wanaoanza huitumia kama albamu ya picha: tulikutana hivi, tuliona bahari, alinunua pete. Buchi Emecheta, katika The Joys of Motherhood ya mwaka 1979, anamwanzisha Nnu Ego akikimbia katika mitaa ya Lagos mwaka 1934, mtoto wake mchanga amekufa, naye anakwenda kujiua. Kisha mwandishi anamwacha pale pale na kurudi nyuma mpaka kwa wazazi wa Nnu Ego, kabla yeye hajazaliwa. Ni jambo la kuthubutu. Linakubalika kwa sababu mbio zile zina swali, nani alimfundisha huyu binti kwamba thamani yake ni watoto wake, na jibu haliko Lagos.

Jaribu hili. Chagua tukio moja la furaha katika maisha ya mhusika. Liandike mwanzoni kama anavyolikumbuka kabla ya pigo. Karibu na mwisho liandike tena, bila kubadili kitu chochote kilichotokea: maneno yaleyale, chumba kilekile, watu walewale. Badili tu kile anachokiona sasa. Kama toleo la pili halitofautiani na la kwanza, eda haijafanya kazi yake bado, rudi katikati ya kitabu.

Kuhusu nafsi ya kwanza, itumie, lakini mruhusu mhusika ajidanganye. Simone de Beauvoir ana hadithi ndefu ya Monique, mke anayeandika shajara huku ndoa ikimponyoka, na msomaji anaona mambo mapema kuliko mwenye shajara. Pengo hilo kati ya anachokiandika na tunachokiona ni mali. Usilizibe kwa kumfanya awe na hekima tangu ukurasa wa kwanza.

Mwanamume mpole wa sura ya tano mwondoe, au mgeuze awe mtihani. Ramatoulaye anaposwa akiwa bado kwenye eda, na shemeji yake, na ni pale anapomjibu ndipo tunaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza ikiwa wazi. Kifo cha mhusika nacho kifikirie sana. Kate Chopin alimpeleka Edna baharini katika The Awakening ya mwaka 1899 na Euphrase Kezilahabi akamaliza maisha ya Rosa katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, na vitabu vyote viwili vinakilipia kifo hicho tangu kurasa za mwanzo. Katika miswada mingi ninayoipokea, anayetaka kuondoka ni mwandishi.

Wengi wenu mnaandika pigo lenu wenyewe, tena lingali bichi. Sikukatazi. Ila kwa sasa andika vitu, usiandike maana yake: saa ngapi, nani alisema nini, taa ipi ilikuwa inawaka, ulivaa nini. Maana itakuja baadaye na itabadilika mara kadhaa. Vitu vikishasahaulika havirudi.

Na mwisho wa kitabu usiufanye mkubwa. Hakuna anayemaliza eda akiwa mtu mwingine kabisa. Doris Lessing, mwaka 1973, aliandika juu ya Kate Brown, mama wa watoto wanne mwenye miaka 45, ambaye kiangazi kizima yuko mbali na familia. Anaugua, anakonda, rangi inamtoka nywele. Siku moja anapita mbele ya mafundi wa ujenzi na hakuna anayemwona. Anakaza nguo, anabadili mwendo, anapita tena, wanampigia miluzi. Ni mwanamke yuleyule, dakika chache tu zimepita. Baada ya yote hayo hafungui biashara, haolewi na mwingine, hahamii nchi nyingine. Anaamua jambo moja: nywele hatazitengeneza tena. Anabeba sanduku lake, anatoka kimyakimya bila mtu kumwona, anaelekea kituo cha basi, kwenda kwa mume yuleyule na watoto walewale, na mvi zake kichwani.