Jibu: Ndege ya jeshi kutoka kwenye njia ya kutua baada ya kugusa chini

Yaya, uliuliza kama ile ndege ya jeshi ya mapangaboi manne iliingia majanini kwa sababu ya tairi kupasuka. Inawezekana, ila mimi ningeanzia kwenye mapanga. Ndege ikishagusa chini, rubani huyageuza pembe yasukume hewa mbele, mwendo upungue. Upande mmoja ukigeuka na wa pili ukakataa, ndege inavutwa kuelekea ule uliogeuka, na gurudumu la mbele halina ubavu wa kuirudisha. Tazama tena video uliyoweka: pua inakwenda kushoto kabla hata moshi wa tairi haujatoka.

Kama uwanja ule uko juu kama huu wetu wa Goma, mita 1,500 na zaidi, basi hewa ni nyepesi: kipimo cha mwendo kikisema 120, kweli unakimbia karibu 130. Breki ndizo zinazoteseka. Lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilipomeza kipande cha njia yetu ya ndege ikabaki fupi, pale mtaa wa Birere tulikuwa tunaziona ndege za mizigo za Antonov zikigusa mwanzoni kabisa.

Mvua uliyoitaja naiweka mwisho kati ya sababu. Kuna mwenye picha ya mapanga ya kulia baada ya ajali? Pembe yake ingetuambia mengi.