Usiandike namba ya ISIC kabla hujaiona karakana

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kuwajazia wenye viwanda vidogo fomu za BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, naomba mnisikilize kuhusu kile kisanduku cha shughuli ya biashara, kinachojazwa namba ya ISIC, yaani mpangilio wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi. Wengi wetu hukifikia mwisho, mteja ameshasimama, bodaboda inamngoja nje, tunachagua namba inayofanana fanana na maisha yanaendelea. Mimi nilikosea hapo hapo.

Alikuja steshenari kwangu, hapa Moshi, fundi wa kuchomelea kutoka Pasua. Akanionyesha kwenye simu picha ya kitanda cha deka, cha chuma, rangi ya bluu, kimenyooka kweli. Nikamwandikia 3100, utengenezaji wa fanicha. Hakubisha; nani anabishana na namba? Baadaye akaomba kazi ya mageti mahali fulani, karatasi zake zikasomeka kwamba yeye ni mtu wa fanicha. Nilipomfuata kwake nikakuta mageti matatu yameegemezwa ukutani, fremu za madirisha zimepangwa hadi barabarani, na kitanda kimoja tu, kile cha bluu, alichomtengenezea mdogo wake aliyekuwa anakwenda bweni. Namba yake ilikuwa 2511, ya milango, madirisha na mageti ya chuma. Kurekebisha kulihitaji ombi jingine na ada nyingine. Ada nililipa mimi, lakini kazi ya mageti ilikuwa imeshampita.

Tangu siku ile, kama karakana iko mjini, nakwenda kuiona. Kama ni mbali, naomba picha ya kinachoingia na kinachotoka, siyo ya bidhaa nzuri kuliko zote.

Namba yenyewe haina uchawi. Juu ya namba kuna herufi, nayo ndiyo sehemu kubwa: C ni uzalishaji viwandani, A ni kilimo, G ni biashara ya kununua na kuuza. Ndani ya C, tarakimu mbili za kwanza zinaanzia 10, vyakula, hadi 33, ukarabati na ufungaji wa mashine. Kila tarakimu inayoongezeka inabana zaidi: 10 chakula, 107 vyakula vingine, 1071 mikate na keki. Ukipotea, rudi kwenye zile mbili za kwanza.

Panapowachanganya wengi ni kwamba wakati mwingine malighafi ndiyo inayoamua, wakati mwingine matumizi. Mlango wa mbao ni 1622, wa chuma ni 2511. Lakini kitanda, kiwe cha mbao au cha chuma, ni 3100. Kwa hiyo seremala mmoja wa Majengo anayetengeneza milango na makabati ana namba mbili halali, wala hajabadilisha randa.

Kahawa ndiyo inayofundisha vizuri, na kwetu huku haikosekani. Mzee wa Kibosho mwenye mibuni shambani ni 0127, kilimo. Binti yake akinunua kahawa safi, yaani buni iliyokobolewa, akaikaanga, akaisaga na kuifunga kwenye pakiti, huyo ni 1079, kiwanda. Anayenunua pakiti hizo kwa jumla na kuwauzia wenye maduka ni 4630, biashara. Mwenye kibanda cha kukupikia kikombe ni 5630. Buni ni ile ile. Kilichobadilika ni kazi iliyofanywa juu yake. Na yule binti akiuza pakiti zake mwenyewe pale sokoni Mbuyuni, bado ni mzalishaji. Kuuza ulichotengeneza hakukuhamishii kwenye biashara, na hili nimeona likikosewa mno, hasa kwa akina mama wasindikaji.

Mama akisema anafanya “lishe”, usikimbilie afya. Muulize, “Mama, unasaga?” Unga wa mchanganyiko wa mahindi, soya na ulezi ni 1061, pamoja na mashine za kusaga, hata kama anasaga mahindi ya wateja kwa malipo tu. Siagi ya karanga inakwenda 1030, kundi la matunda na mboga, ingawa wengi huitafuta kwenye mafuta. Juisi halisi ya matunda pia ni 1030, lakini maji yenye sukari na ladha ya embe ni 1104. Hapo lazima uulize kilichomo ndani ya chupa; jina la kwenye lebo halitoshi.

Mteja mwenye shughuli kadhaa, ziandike zote anazofanya kweli. Ile kuu ni ile inayoongeza thamani kubwa zaidi. Mauzo peke yake yanaweza kukudanganya: anayeuza mabati mengi aliyoyanunua huku akitengeneza matangi machache anaweza kuwa anapata sehemu kubwa ya chake kwenye matangi, 2512. Mwambie atoe kwenye mauzo gharama ya alivyonunua. Chukua kalamu, mpige hesabu pamoja, taratibu. Wengi hawajawahi kuiona hesabu hiyo ya biashara yao.

Namba zote nilizozitaja ni za toleo la nne la ISIC, lililochapishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Toleo la tano lilipitishwa mwaka 2023, na baadhi ya makundi yamehama. Kabla hujabonyeza kutuma, soma maelezo ya namba yanayotokea kwenye fomu yenyewe, kisha msomee mteja kwa sauti, kwa Kiswahili, umwache aseme kama hiyo ndiyo kazi yake.