Mistari kwenye picha za zamani za Mwezi

Umeuliza kama mistari inayoikata picha ya zamani ya Mwezi ni uchakavu wa karatasi, au kuna aliyeichezea. Hapana ndugu, si uchakavu, wala hakuna aliyeichezea picha. Ile uliyoiona, Dunia ikichomoza kwenye ukingo wa Mwezi, ilipigwa na Lunar Orbiter 1, chombo kisicho na watu cha NASA (shirika la anga la Marekani), tarehe 23 Agosti 1966. Mistari imetokana na namna picha ilivyotufikia.

Chombo kile kilibeba filamu halisi ya Kodak, ya milimita 70. Ikishapigwa, ilisafishwa humohumo ndani, chombo kikiwa kinauzunguka Mwezi, bila mkono wa mtu kuigusa! Kisha mwale mwembamba wa mwanga uliipitia kipande kwa kipande, na kilichosomwa kikatumwa kwa mawimbi ya redio. Huku Duniani kila kipande kilitoka kama utepe, tepe zikapangwa ubavu kwa ubavu hadi picha ikakamilika. Maungio yake ndiyo mistari unayoiona.

Itafute na picha ya kasoko ya Copernicus, shimo kubwa la mviringo huko Mwezini, iliyopigwa na Lunar Orbiter 2, Novemba 1966. Kamera ilitazama kwa ubavu badala ya kuangalia chini moja kwa moja, kwa hiyo vilima vya katikati vinasimama mbele yako na kuta zinapanda nyuma yake. Kwangu mimi hakuna inayoifikia.

Ukitaka zilizo safi zaidi, chukua zile zilizorejeshwa kuanzia 2008 kutoka kanda asilia za sumaku zilizorekodi mawimbi yale ya redio, huko kituo cha NASA Ames, California. Vivuli vyake vina undani ambao nakala za 1966 hazikuwa nao.